Gitaa la Pili

Baba yangu alikuwa mtu wa akompa. Kwa asiyejua magitaa ya Kongo nieleze mapema, maana bila hili ushuhuda wangu hautaeleweka. Katika muziki wetu gitaa moja halitoshi. Akompa hushika akodi za katikati na kutembea nazo wimbo mzima. Mi-solo hurudia vipande vifupi, juu kidogo, ikipita kwenye nafasi ambazo akompa imeziacha. Solo hujibizana na mwimbaji, na sebene, ile sehemu ya kucheza, ikifika ndiyo inayowatoa watu kwenye viti. Chini ya zote kuna besi. Ukisikiliza kwa mbali utadhani ni mkono mmoja. Watu wanamkumbuka Docteur Nico Kasanda kwa solo yake, na wana haki, lakini tangu siku za African Jazz ya Joseph Kabasele aliyekaa pembeni yake ni kaka yake, Dechaud Mwamba, akimshikia akompa. Mwaka 1960 walikuwa Brussels wote wawili, kundi lile lilipotoa “Indépendance Cha Cha”. Wimbo ule unajulikana na kila mtu. Jina la Dechaud linajulikana na wapiga gitaa.

Baba alipiga gitaa kavu kwenye vilima vya kati ya Masisi-centre na Nyabiondo, mashariki mwa Kongo. Nyuzi alizitoa kwenye kebo ya breki ya pikipiki: unaikata kwa urefu unaoutaka, unaifumua, unachagua waya mmoja mmoja, na zile nene unamwagiza mtu anayeshuka Goma. Solo ilikuwa ya mwenzake, jirani wa kilima cha pili. Waliitwa pamoja kwenye harusi, ubatizo na matanga, wakala pamoja, wakarudi usiku pamoja. Hawakuwa wa kabila moja.

Mwezi wa tatu mwaka 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, upande wa Walikale, na mauaji yakapanda hadi kwetu Masisi. Jirani aliondoka usiku na watu wake wote. Hakurudi, na baba hakuwahi kutuambia kama alikufa au yu hai. Nadhani naye hakujua.

Mimi nilizaliwa baada ya hapo. Nilimkuta baba akikaa mlangoni jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, akipiga nyimbo zilezile za harusi, akompa ileile, na kuacha nafasi zilezile ambazo mwenzake alikuwa akizijaza. Nilijifunza kwa kumtazama vidole. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kitu kimepungua. Nafasi zile nilidhani ni pumzi ya wimbo, nikazipiga kama nilivyozisikia, kimya mahali pa kimya. Mama alipomwambia atafute mtu mwingine wa kupiga naye, alijibu kwamba nyimbo zake hazijulikani na wengine. Akafa akipiga hivyo.

Nikakua mtu wa peke yangu. Aliyekulia Masisi atanielewa: ukikutana na mtu njiani unasikiliza kwanza anaamkia kwa lugha gani, ndipo unajua umkaribie kwa hatua ngapi. Tumekimbia mara nyingi mno, mara nyingine kwa usiku mmoja, mara nyingine kwa miaka, na kila safari ya kurudi tulikuta majirani wamepungua au wamebadilika. Gitaa lilikuwa kitu nilichoweza kukibeba mgongoni na kisichoniuliza nimetoka kilima gani.

Kisha nikamsikia Mwenda wa Bayeke, yule Jean-Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi akiimba kwa Kiswahili na kupiga “Masanga”. Ni mtu mmoja na gitaa moja, lakini dole gumba linatembea na besi huku kidole cha shahada kikicheza wimbo juu yake, na masikio yanakataa kuamini kwamba hakuna mtu wa pili chumbani. Nilishinda miaka nikimfuata Mwenda. Nilitaka kuwa kama yeye: mtu anayejitosheleza, asiyemngoja yeyote. Hamu hiyo haikuwa ya muziki tu. Ndivyo nilivyotaka kuishi.

Mwanzoni mwa 2023 vita vilipofika Kitchanga, watu walishuka kwa maelfu kwenda Sake na Goma. Sisi tulishuka baadaye, na mwezi wa pili wa 2024 Sake yenyewe ilipokuwa uwanja wa mapigano tulikuwa tumeshapata kibanda huko Bulengo, pembeni ya Ziwa Kivu, turubai juu ya miti, mawe meusi ya volkano chini ya migongo yetu. Kambini hakuna kilima chako na kilima cha wenzako. Vibanda vinagusana. Unasikia jirani akikohoa, akiomba, akigombana na mkewe kwa lugha ambayo kwetu ungeikimbia.

Kulikuwa na mahali pa kuchajia simu, na huko nilikuwa nikikaa na gitaa langu nikingoja. Siku moja nilipiga nyimbo za baba kwa sauti ya chini. Kijana mmoja mwembamba, aliyetoka upande wa Walikale ambako alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya kasiterite, alisikiliza kwa muda mrefu kisha akasema: “Yaya, hiyo ni akompa. Solo iko wapi?”

Nikamjibu kwamba wimbo uko hivyo.

“Hapana, yaya. Umeacha nafasi ya mtu.”

Aliazima gitaa la kwaya ya kambini. Akatafuta kalamu ya risasi na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akaifunga kalamu juu ya nyuzi kwenye ufito wa tano, akawa na kapo, akaanza. Hakuijua solo ya jirani yetu wa zamani, na wala hakuna aliyebaki wa kuijua. Alichokuwa akipiga alikitunga palepale kutokana na akompa yangu, akipenya kwenye kila nafasi niliyokuwa nikiipita kimya tangu utoto. Mkono wangu ulisimama wenyewe. Akacheka: “Usisimame, yaya. Ukisimama, miye naanguka.”

Nikaendelea. Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichosikia siku ile. Nyimbo ambazo nilizijua kuliko jina langu zilikuwa na upande mwingine, na upande huo ulikuwa wa furaha. Ndiyo, wa furaha! Baba alikuwa akipiga nyimbo za kuchezesha watu, nami maisha yangu yote niliamini ni za huzuni, kwa kuwa nilisikia nusu tu.

Tulianza kukutana kila jioni mvua isiponyesha. Mzee mmoja wa Masisi, wa upande ule ambao nyumbani tulifundishwa kuukwepa, alikuja na bidoni la njano la mafuta, akaligeuza ngoma. Dada mmoja wa kwaya aliimba. Kijana wa Walikale alitueleza kwamba nyumbani kwao, kwa Wanyanga, hata anayesimulia karisi, ule utenzi wa Mwindo, hasimulii peke yake. Ni kweli: Candi Rureke, aliyemsimulia mtafiti Daniel Biebuyck utenzi huo mwaka 1956, alikuwa na vijana wa kugonga kijiti kwa mdundo na kurudia maneno aliyoyaimba, naye akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Utenzi mkubwa kama huo ulipitia kinywa cha mtu mmoja, na ulibebwa na kadhaa.

Sasa nifike kwenye flamenko, maana hapo ndipo nilipovunjwa na kutengenezwa upya.

Kijana yule alikuwa na kadi ya memori iliyojazwa nyimbo na fundi wa simu wa Goma, zile kadi ambazo unapata humo kila kitu, injili, sebene, muziki wa Kihindi. Ndani yake kulikuwa na Gipsy Kings. “Bamboleo” tuliijua wote kwa redio bila kujua ni ya nani. Tukaisikiliza upya kwa masikio ya wapiga gitaa. Wale ni watu wa koo mbili za Kijipsi wa kusini mwa Ufaransa, Reyes na Baliardo, na karibu wote wanapiga gitaa. Tonino Baliardo ndiye anayetangulia. Wengine wote wanakwangua akodi kwa pamoja, mikono mingi, mdundo mmoja. Mzee akasema, “Hawa wote ni akompa!” Akawapenda papo hapo.

Na mdundo ule haukuwa mgeni. Ni rumba. Watu waliotekwa kutoka pande zetu za Kongo walivuka bahari na ngoma zao hadi Kuba. Kutoka Kuba muziki ulirudi Léopoldville kwa santuri za GV kuanzia miaka ya 1930, ukaingia kwenye magitaa ya akina Nico. Kutoka Kuba hiyohiyo ulivuka pia hadi Hispania, Wajipsi wa huko wakautia mkono wao, ukaingia kwenye flamenko. UNESCO iliiandika flamenko kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2010, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Pale kambini, chini ya turubai, tulikuwa tunasikia ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti.

Lakini rumba ndiyo sehemu nyepesi ya flamenko. Kwenye kadi ileile kulikuwa na Paco de Lucía, mpiga gitaa wa flamenko, na huko tulipotea kabisa. Nilijaribu kuifuata bulería yake, mmoja wa midundo ya flamenko, kwa mguu na mguu ukakataa. Mzee akazima gitaa langu kwa kiganja, akaanza kupiga makofi peke yake, taratibu, akirudia kila mara kutoka mwanzo. Hesabu ya bulería ni ya mapigo kumi na mawili, na makofi mazito huangukia kwenye la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Sisi tuliolelewa na redio tulikuwa tukihesabu nne. Yeye aliyelelewa na ngoma za kilimani, ambamo mapigo sita na kumi na mawili ni ya kawaida, aliukamata mwendo ule kabla yetu sote. Kwa wiki kadhaa alitukataza kugusa nyuzi. Tulikaa duara tukipiga makofi, watoto wa kambi wakitutazama, hadi mapigo yakaingia mwilini.

Baadaye nilijifunza kwamba hata Andalusia njia ndiyo hiyo. Mpiga gitaa wa flamenko wa mila ya zamani huanza kwa kuwapigia wachezaji, kisha waimbaji. Kukaa peke yake jukwaani kunakuja mwisho, na kwa wengi hakuji. Paco mwenyewe, ambaye dunia nzima inamjua kwa kasi ya vidole, alitumia sehemu kubwa ya ujana wake akimpigia mwimbaji Camarón de la Isla. Kuanzia 1969 hadi 1977 walitoa sahani moja baada ya nyingine, na ukizisikiliza utaona jinsi gitaa linavyonyamaza sauti ya Camarón inapoanza kupanda, kisha linajibu kwa kifungu kifupi, kisha linanyamaza tena. Na pembeni ya Paco, kwenye gitaa la pili, mara nyingi alikuwepo kaka yake mkubwa, Ramón de Algeciras. Niliposoma hilo kwenye simu nilimwita kijana kwa sauti: Nico na Dechaud, Paco na Ramón! Tarehe 5 Desemba 1980 Paco alikaa San Francisco na Al Di Meola na John McLaughlin, magitaa matatu matupu, na sahani iliyotokana na usiku ule inapendwa kwa mbio zake. Mimi ninaipenda zaidi pale wawili wanapokuwa chini wakimshikia wa tatu.

Tulifanya tulivyoweza kwa vyombo vyetu. Gitaa la flamenko lina nyuzi za nailoni na mwili mwepesi, na mkono wa kulia hufungua vidole kimoja kimoja juu ya nyuzi hadi akodi inanguruma. Kwenye waya za kebo, kucha zinakatika siku ya kwanza. Tukaomba nailoni kwa wavuvi wa ziwani kwa nyuzi nyembamba, na sauti ikashuka ikawa laini, dhaifu kidogo, lakini mkono ukapona. Bidoni la mzee halikuwa aibu pia. Lile sanduku la mbao ambalo wapigaji wa flamenko hukalia na kulipiga kwa viganja, cajón, halikuzaliwa Hispania. Lilizaliwa Peru, kwa watumwa Waafrika, na ni Paco aliyelibeba kulipeleka kwao mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzee alipoambiwa hivyo aliligonga bidoni lake mara moja, kwa heshima.

Kazi niliyopewa kundini ilikuwa akompa, ileile ya baba, na mwanzoni niliipokea kwa shida. Nilikuwa nimejizoeza kujaza kila pembe kama Mwenda. Kijana akaniambia, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa: “Yaya, weye unajaza nyumba yote. Tuachie hata mlango.” Ilinichukua muda kuuacha mlango huo. Ukiwa na hesabu ya kumi na mbili hakuna ujanja: ukijaza pigo ambalo ni la mwenzako, wote wawili mnapotea, na mwimbaji anabaki hewani. Lazima umtazame mkono. Lazima ujue anavuta pumzi lini. Nilijikuta ninamjua mzee yule, ambaye nyumbani nisingemsogelea, kwa namna ambayo sikuwahi kumjua hata ndugu wa tumbo moja. Nilijua bega lake la kushoto hushuka kabla hajabadilisha mdundo. Siku ambayo bega halikushuka nilijua ana homa, nikamtuma mtoto kumtafutia dawa kabla hajasema.

Usiku mmoja alizungumza juu ya 1993. Naye alikimbia mwezi uleule, kwa njia ya upande wa pili wa mlima uleule, na alizika watu njiani. Nilimweleza habari za baba na jirani yake. Hatukukubaliana nani alianza, na mpaka leo hatujakubaliana. Nilichoweza kufanya, ambacho kabla ya makofi yale nisingeweza, ni kunyamaza hadi amalize, bila kutayarisha jibu kichwani huku anasema. Alipomaliza, naye alinyamaza akanisikiliza. Naamini kabisa ni flamenko iliyotufundisha hivyo, ile adabu ya gitaa linalojizuia sauti ya mtu inapopanda. Wengine watasema ni umri, au ni mateso ya kambi. Kambini tulikuwa wengi wenye umri na mateso, na wengi bado hawasalimiani.

Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma yenyewe, na mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Watu waliambiwa warudi makwao. Mzee alirudi Masisi na bidoni lake. Kijana alirudi Walikale kwa sababu mama yake alikuwa huko, na mwezi wa tatu mapigano yakafika Walikale-centre. Hatukupata habari zake kwa muda uliokuwa mrefu kwangu kuliko vita vyote nilivyowahi kukimbia. Kisha siku moja ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu. Hakusema neno. Ulikuwa mi-solo, kwa gitaa lisilolingana nyuzi, imeachwa nafasi pande zote.

Tangu hapo tunatumiana. Ninarekodi akompa, naituma, mtandao ukikubali anaiweka solo juu yake, dada wa kwaya anaimba akiwa mahali pengine kabisa. Nyimbo za rumba zinatoka vizuri hivyo. Bulería inakataa. Mapigo yale yanataka watu waonane mabega, na rekodi haisubiri mtu. Tumezijaribu zote alizokuwa nazo kwenye kadi na tumeziweka kando hadi tutakapokaa pamoja.

Siku hizi ninafundisha vijana Goma, kwenye ua wa rafiki. Simpokei mtu mmoja. Anayetaka kujifunza gitaa namwambia arudi na mwenzake, na nikiweza nawaunganisha mimi mwenyewe, mtoto wa Masisi na mtoto wa Walikale, wa kilima na wa msitu. Wa kwanza anapata akompa, wa pili mi-solo, na baada ya mwezi wanabadilishana, hata akina mama wakilalamika kwamba mtoto wao alishazoea. Solo wanaipata mwisho. Kabla ya hayo yote wanapiga makofi hadi kumi na mbili. Wengi wanataka kuanza na sebene, na nawaelewa, lakini bado hakuna aliyekimbia kwa sababu ya makofi. Nyimbo za baba nawafundisha pia, na solo wanazitunga wenyewe. Sasa kila wimbo una tatu au nne, hakuna inayofanana na nyingine, na ninaziandika zote kwenye daftari, na jina la mtoto aliyetunga pembeni.

Jumamosi ijayo mzee anashuka kutoka Masisi, barabara ikiruhusu. Tuna akompa wanne, mi-solo watatu, solo wengi kupita kiasi. Mtu wa besi bado tunamtafuta.